Urbain Hakupigwa na Mungu

Kwanza tunyooshe jambo moja. Urbain Kalombo hakupigwa na Mungu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1994 alipanda nguzo ya umeme kwa sababu pampu ya mtaa ilikuwa imenyamaza siku nne. Aliunga waya, na wakati wa kushuka mkanda wake wa kazi uliochakaa ukakatika, akaanguka. Basi. Wanaosema mengine kwenye foleni ya bomba wanakunywa maji aliyoyarudisha yeye.

Mjane wake, Hortense, alifundisha darasa la sita miaka kumi na tisa, na katekisimu kila Jumamosi. Alijua kwamba siku ya kuondoa matanga mtu wa ukoo husimama na kueleza namna marehemu alivyokufa, na kwamba neno lile ndilo hubaki.

Aliyesimama ni Stanislas, mdogo wa Urbain. Tangu kazi zilipokwisha Likasi, alikuwa amehamia chumba cha maombi, kikanisa cha pasta mmoja, na huko walikuwa wamempa maelezo tayari.

“Kaka alidharau siku takatifu,” akasema. “Mungu akamushusha. Sasa mujane na mutoto wapige magoti, hasira itoke mu nyumba.”

Fidélie, binti yao wa miaka kumi, akaanza kuinama. Hortense akamshika kiwiko.

“Simama, mama.” Kisha akamgeukia Stanislas. “Shemeji, Mungu wako ni kapita?”

Watu wakaguna. Nani pale hakumjua kapita wa kiwanda, anayeita majina kwenye geti mara king’ora kinapolia, na asiyeitika anarudishwa nyumbani?

“Usicheke na Mungu! Weye unajua kupita pasta?”

“Minye najua Yesu alifanya nini. Aliponya watu siku ya sabato, na wakubwa wakakasirika. Hakungoja kesho. Walipomwambia habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe akawakumbusha wengine walioangukiwa na mnara, akakataa kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao. Ukitaka kumjua Mungu, mtazame huyo. Ni baba anayemkimbilia mwana aliyepotea kabla hajamaliza kuomba radhi. Na weye unataka Fidélie aamini kwamba baba huyo alimsukuma baba yake?”

“Kwa hiyo Mungu hana hasira?”

“Iko nayo! Anawakasirikia wanaowafungia wenzao mlango kwa jina lake.”

Mama Adrienne, jirani wa nyumba ya tatu, akapaza sauti toka mkekani: “Minye nilikunywa ile maji. Kama ni zambi, Stanislas, anza na weye. Nilikuona pa bomba na bidoni mbili za maji!”

Kicheko kikapita uani. Stanislas akakaa.

Kwa nini Mungu hakuushika mkanda ule, Hortense hakujua, na hakujifanya anajua. Aliyomfundisha Fidélie Jumamosi nyingi ni kwamba Mungu alikuja mwenyewe akafa Ijumaa, kati ya wahalifu, na watu wakasema naye amepigwa. Hortense akasimama mbele ya wote, akaeleza mwenyewe: nguzo, waya, mkanda, maji. Neno hilo ndilo lililobaki.

Bado wapo wanaokuja na sura za huruma, wakiuliza Urbain alitamka nini njiani kwenda hospitali, kama alitubu. Hortense huwapa kiti, huwapa maji.

“Aliyoyasema aliniambia minye na Mungu. Weye haukukuwapo. Kunywa, uende.”