Uzee au Vumbi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitoka darasani kabla ya kengele nikaapa sitarudi tena. Uliposema jana kwamba unaacha fizikia kwa sababu wamekucheka darasani, siku hiyo ndiyo iliyonijia.

Mwalimu alileta picha mbili za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali kupita akili. Moja ya buluu, nyingine nyekundu. Akauliza ipi ina nyota changa. Mimi, mtoto wa Goma, nikasimama nikajibu bila kusita: nyekundu. Hapa kwetu moto mpya wa volkano ni mwekundu, ukizeeka unakuwa jiwe jeusi tunalojengea nyumba. Ningejibu nini kingine?

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Wewe mutoto, nenda uuze makala ya kupikia. Nyota uwaachie wengine." Mpaka leo maneno yale yananikera.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa fundi wa chuma pale mtaa wa Katoyi. Nilipomweleza hakunipa pole. Alitia chuma motoni, akaniambia nitazame. Kikawa chekundu, kisha cha manjano, kisha karibu cheupe. Akakitoa, na kilipokuwa kinapoa kikarudi kuwa chekundu.

"Umekosea," akasema. "Chekundu ndicho chenye moto kidogo. Lakini huyo mwalimu hakuumba nyota. Kesho unarudi."

Usiku nikafungua kitabu cha fizikia, kesho yake nikarudi. Nikakiri mbele ya wote kwamba nilikosea, ya buluu ndiyo yenye nyota changa: nyota kubwa za buluu zinawaka kwa nguvu na kufa mapema, zinabaki zile ndogo nyekundu, basi galaksi isiyozaa tena inakuwa nyekundu. Kisha sikukaa.

"Lakini mwalimu, vumbi likipanda kwenye barabara ya Sake, jua linakuwa jekundu, na halijazeeka. Ile galaksi, utajuaje kama ni uzee au ni vumbi?"

Akaitazama picha yake.

"Sijui," akasema. "Kaa. Tutatafuta pamoja."

Basi sikia. Kosa lako likiri mwenyewe, kwa sauti, usiwaachie wao walitangaze. Halafu uliza swali lililobaki, na usikae mpaka ujibiwe. Hakuna aliyepewa mbingu azigawe kwa watoto wa watu wengine, wewe wa hapa mtaani Mugunga ukakosa. Jumatatu nitakusindikiza hadi mlangoni. Kuingia utaingia mwenyewe.

Mungu akupe kichwa kigumu kama changu, na akuache uwe mkaidi mpaka uzeeni.