Baki la Nyumba ya Msiba

Dama Mwinga hana cheti cha kompyuta hata kimoja, na anayetaka kumdharau kwa hilo aanze na mimi. Mimi Rispah ndiye ninayefungua bomba la tangi la mradi wetu wa maji, nje kidogo ya Kinango. Miaka kumi na miwili nimegawa maji kwa orodha ya programu aliyoiandika yeye, aliyejifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kitabu cha kuazima.

Mwezi uliopita kompyuta ya mradi ilikufa. Mpya ilikuja na toleo jipya la Python, na programu ya Dama ikagoma. Kamati ikamwita Japheth, fundi wa kompyuta kutoka Ukunda. Akatazama, akacheka.

"Madam, hii imezeeka. Itupeni, niwawekee yangu."

"Situpi kitu," Dama akasema. "Lori la maji linakuja Ijumaa. Nipeni mpaka Ijumaa."

Lugha ilikuwa imebadilika. Kila amri ya kuandika kwenye kioo sasa ilidai mabano, naye akayatia moja moja, siku mbili nzima, shingo imemkakamaa. Alhamisi asubuhi programu ikakubali. Orodha ikatoka: mitungi mia tano, nyumba sabini na nane, kila nyumba mitungi sita nukta nne na ushee. Baki hakuna.

Roho iliniuma. Kwetu baki hupelekwa kwenye nyumba yenye msiba, na kwa mzee Chome walikuwa matangani, wageni wamejaa ua mzima.

"Hii ndiyo haki," Japheth akasema. "Toleo la zamani lilikuwa likikata desimali. Sasa kila mtu anapata chake chote."

Dama akamgeukia. "Mamangu alipofariki tulimwosha kwa mabakuli mawili ya maji. Ndipo tukakubaliana baki liwe la wenye msiba. Usinifundishe haki."

Akaiandika alama ya kugawanya mara mbili, maana katika toleo jipya hivyo ndivyo desimali hukatwa. Kila nyumba, mitungi sita kamili. Baki, thelathini na miwili.

"Kamati imeruhusu?" Japheth akauliza.

"Nimeruhusu mimi. Anayekataa aende kwa Chome akamwambie mwenyewe."

Ijumaa nilifungua bomba. Hakuna mwanakamati aliyekwenda kwa Chome kusema lolote. Mtungi wa kwanza wa baki aliubeba Dama, kichwani mwake mwenyewe.