Majibu Yamo Ndani

Langoni mwa kliniki moja ya Sydenham kuna wanaume waliojiajiri wenyewe kukagua vitambulisho vya wagonjwa. Siku hizi Durban hata kikohozi lazima kiwe raia. Nilipanga foleni nimefunga mdomo, lafudhi yangu isije ikaniponza.

Mbele yangu alisimama dada wa Kitanzania, tuliyesalimiana naye kwa kunong'ona. Ni mtafiti chipukizi wa kifua kikuu, beji ya chuo kifuani, boksi la barafu mkononi.

"Wageni mnamaliza dawa zetu!" alifoka mmoja wa wakaguzi, mwenye kofia nyekundu.

"Sikufuata dawa. Nimekuja kuchukua makohozi, nikayapime."

Jamaa akamtazama vizuri usoni, akaishusha kofia hadi kwenye nyusi. Wenzake wakamsukuma dada nje ya foleni.

Nilimfuata hadi kwenye taa za barabarani. Alikuwa akimweleza profesa wake kwa simu, na jibu nililisikia: apumzike nyumbani, kazi atapewa mwenzake asiye na matatizo ya langoni. Utafiti wake wote ulichukuliwa hivyo, kwa sauti ya upole kabisa.

"Yule wa kofia unamjua?" nikamuuliza.

"Kaka, wanaokuja kupimwa kwangu, nje ya chumba cha vipimo simjui hata mmoja."

Kabla taa hazijabadilika, jamaa akatufikia mbio, kofia imefumbatwa mkononi.

"Sista," akanong'ona, "majibu yangu yametoka?"

Dada akamwonyesha lango kwa kidevu.

"Yamo ndani, mnakolinda."