Masizi Kwenye Picha ya Mfadhili

Kila nikifungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na harufu ya mkaa ikanipanda puani, narudi kwenye ile nyumba yetu kando ya shamba la majani chai, tulikolelewa na mama mlezi mmoja, watoto tusio ndugu.

Siku hiyo tulikuwa tunapigwa picha za kutumiwa wafadhili ng'ambo. Wenzangu walishapakwa mafuta, wamesimama wima kama nguzo. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni nikisugua ndani ya kibuyu changu cha kwanza kwa kijinga cha moto ili kiwe tayari kutiwa maziwa, masizi mpaka masikioni. Nikikosea, maziwa yangeharibika na kazi ingerudi kwa wasichana wakubwa.

"Huyu aoge kwanza," mpiga picha akasema. "Mfadhili atafikiri hamumtunzi."

Mama alichukua kibuyu, akachungulia ndani, akanusa. Akanusa tena.

"Haogi," akasema. "Huyu leo ameweza kibuyu. Mpige hivyo hivyo."

Akanirudishia kibuyu, nikakiinua juu ya kichwa kama kombe. Katika picha zetu zote za mwaka huo, ni mimi tu ninayecheka bila mtu kuniambia nicheke.