Ekari ya Kuzunguka

Ukitaja ekari mbele ya Adelfina, uso ulimkunjamana kama wa mtu aliyekanyaga kinyesi. Na haki yake.

Mwaka wa sabini na nne yeye na wenzake walihamishiwa kijiji kipya karibu na Nyarubungo, na kila kaya ilitakiwa ipimiwe ekari moja, hatua sabini kwa sabini. Katibu wa kijiji, Kazimili, uvivu ulimjaa hadi puani. Alijua ekari ukiizunguka unapata hatua mia mbili themanini, basi akaamua kuwa chochote chenye mzunguko huo ni ekari. Adelfina, mjane asiye na mtetezi, akatupiwa pembe iliyobanwa kati ya barabara na korongo: upande mmoja hatua 136, wa pili 130, wa tatu 14. Ng'ombe akilala kwenye ncha, mkia unabaki barabarani.

Alilima mpaka ukingoni, akavuna magunia mawili ya mahindi. Jirani zake walipata kumi na mawili. Mkutanoni Kazimili akamsimamisha, akamwita kupe anayenyonya jasho la wenzake. Yeye mwenye sugu viganjani aitwe kupe na mwanamume mwenye kucha safi!

Akampelekea kesi hiyo Bukuru, mkimbizi kutoka Burundi aliyepitia seminari, ambaye sasa alifundisha kisomo cha watu wazima. Bukuru akamwonyesha njia. Jumlisha pande zote tatu, gawa kwa mbili: 140. Kutoka hapo toa kila upande kwa zamu yake. Zinabaki 4, 10 na 126. Zidisha hizo tatu pamoja na ile 140, kisha tafuta kipeuo cha pili. Adelfina alimaliza kipande kizima cha chaki kwa kuzidisha na kufuta. Ikatoka hatua za mraba 840. Ekari kamili ni 4,900. Shamba lake halikufika hata sehemu moja ya tano.

Wiki nzima aliikariri hesabu ile huku akipalilia. Siku ya mkutano akaiandika ubaoni, mstari kwa mstari, akaomba aongezewe ardhi iliyopungua. Kazimili alizifuata namba kwa kidole, akakiri kuwa ni sahihi. Kisha akafungua daftari.

"Mama, umethibitisha mwenyewe," alisema. "Sheria ndogo inataka kila mtu alime ekari moja. Wewe umelima hatua mia nane na arobaini. Utachimba barabara siku ishirini na moja."

Watu wakapiga makofi. Walianza wale wa magunia kumi na mawili, wakafuata wengine, hata ambao hawakuelewa wanashangilia nini. Adelfina aliwatazama mmoja mmoja, akatema mate chini.

Kesho yake asubuhi, akiwa na jembe begani, alikutana na Bukuru njiani. Mwalimu akaanza kumpa pole.

"Acha, Mwalimu," Adelfina akamkatiza. "Mimi nilidhani hawajui hesabu."