Mrija wa Marehemu Mume Wangu

Usiponiamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo, chungu kilikuwa changu, na mume aliyezikwa alikuwa wangu.

Nilikuwa na kilabu cha pombe huko Iyula, enzi za Mwingereza. Serikali ikaamua kwamba tunahitaji elimu. Ikatuletea wasomi wa chuo kutoka Uganda watuhutubie bure, na kwa kuwa barazani hakwenda mtu, wakaletwa kilabuni kwangu, ambako watu walikuwepo tayari. Wa kwanza alitueleza habari za nyota. Wa pili alitueleza sisi Wanyiha tulikotoka, kana kwamba tulikuwa tumepotea. Wazee wa kanisa, ambao hawakuwahi kukanyaga kwangu mchana, walijaa wakidai wamefuata elimu. Elimu gani inayoacha povu kwenye masharubu?

Sasa nikwambie habari ya mirija. Pombe yetu ya ulezi tuliinywa katika chungu kimoja, tukiongeza maji ya moto, kila mtu na mrija wake ambao huuchomeka kwenye nyasi za paa akimaliza. Mtu akifa, mrija wake haugusiki. Siku ya kumaliza matanga ndugu yake anauchomoa, anaunywea, na tangu hapo mjane na shamba ni mali yake. Kwangu siku hiyo iliangukia siku ya msomi wa tatu. Shemeji yangu Lameki, mvivu asiyejua hata kung'oa magugu, alikuwa amekwisha kujipaka mafuta usoni. Nilimchukia hata chakula kilikuwa hakipiti.

Jua likizama, mvua ikinyesha, akaingia msomi. Suti nyeusi, miwani, sura sijapata kuiona. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Nilimdharau mara tu alipofungua mdomo. Alitueleza kwamba mche wa kahawa ukipandwa mwezi ukiwa mchanga, utazaa upande mmoja. Upuuzi huo niliwahi kuusikia kwa mtu mmoja tu duniani: marehemu mume wangu. Aliposema yeye, watu hawa hawa walimcheka mpaka wakamwaga pombe. Safari hii wazee wa kanisa walitikisa vichwa kukubali, na mmoja akasema, "Ndiyo faida ya kusoma." Wajinga wakubwa! Vaa suti uwaambie ng'ombe anataga, watakupigia makofi.

Alipomaliza, Lameki akasimama kuufuata mrija. Msomi akamtangulia. Hakuuliza mtu. Alipeleka mkono moja kwa moja juu ya mlango, akauchomoa, akaupuliza vumbi, akaugonga gotini, akaketi na kunyonya.

"Bwana, huo ni wa marehemu kaka!" Lameki akasema.

Yule mtu hakumtazama. Alinigeukia mimi. "Maji yamepoa tena, mama Eliya."

Amini usiamini, ndoa yetu nzima alilalamikia maji hayo. Mtu anatoka kaburini, na neno lake la kwanza kwa mkewe ni maji! Niliogopa, sikatai, lakini hasira zilizidi woga. Nikamwongezea maji. Akanywa, akauchomeka mrija pale pale, akatoka akaingia mvuani. Lameki alikuwa ameshakimbia kwa mlango wa uani.

Asubuhi yake lori likafika kutoka Vwawa. Akashuka msomi mwenyewe, matope mpaka magotini, akiomba radhi kwamba walikwama njiani usiku kucha.

Wazee wakakata shauri: mrija ameutumia mwenyewe, basi mwenyewe yupo, na hakuna cha kurithi. Lameki akahamia Tunduma kwa aibu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akaja mtu wa Nanyala, mpole, mchapakazi, akataka kunioa. Nilimpenda, sikufichi. Wazee wale wale wakamrudisha kwao. "Huyo ana mume," walimwambia. Nimezeeka hivyo, mke wa mtu ambaye kila pombe ikiiva, naukuta mrija wake umelowa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifiwa na mume, vunja mrija wake siku ya mazishi, usingoje matanga. Na akija msomi wa bure siku ya mvua, mtazame viatu kabla hujampigia makofi. Sasa niache nikachemshe maji, kabla hajaanza kulalamika.