Silikani

Juzi nilipita Msamala, mtaa niliokulia, ndugu yangu. Palipokuwa na jiko la bibi yangu sasa kuna duka la vocha na vipodozi. Nilinunua soda nikainywa palepale nimesimama, nina hasira. Hasira zenyewe ni za zamani, wala sina mpango wa kuziacha.

Nilikulia kwa bibi, mama yake mama. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, sabuni za kila rangi, na mbolea imepanda bei hadi wakulima wakashika vichwa. Sisi tulikula ugali na nanyungu, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, tukashushia togwa ya ulezi. Kabla ya tonge la kwanza bibi alifumba macho akatamka: Chapanga. Ndiye Mungu, kwa Kingoni. Kisha kimya, hata kuku alifukuzwa kwa mkono tu. Tukiapa "haki ya Mungu" kwa sababu ya gololi, tulikula kofi. Jina hilo, alisema, si la kuchezea. Ni la kumwita mwenyewe, na ukimwita uwe na la kumwambia.

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza alikuja mwalimu mpya wa dini, kijana wa mkoa mwingine, viatu vinang'aa. Akatufundisha habari za Musa na kichaka kilichowaka moto, jinsi Mungu alivyomtajia jina lake, maana yake kwamba Yeye yupo, hakuna siku asipokuwepo. Nilifurahi mno! Akauliza nani anamwita Mungu kwa jina gani nyumbani. Nikanyoosha mkono, nikasema Chapanga.

Weee! Alinisimamisha mbele ya wenzangu. Akasema hilo ni jina la mizimu, la watu wa gizani, na nisipolikana mbele ya darasa komunyo sipati. Nguo nyeupe ilikuwa imeshashonwa, imetundikwa ukutani nyumbani, na kila asubuhi nilikuwa naishikashika.

Bibi aliposikia alikwenda vilevile alivyotoka shambani, udongo miguuni.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyo Musa, Mungu alisema naye kwa lugha gani?"

"Kwa lugha ya kwao, bibi."

"Ehee. Na mimi kwetu ni hapa. Nimezika watoto nikimwita kwa jina hilo. Unataka kuniambia nilikuwa naongea na nani?"

 Mwalimu akasema utaratibu ni utaratibu, mtoto alikane.

Njiani bibi aliniambia, "Mimi siwezi kukuambia ulikane. Ila ukilikana, sitakununia." Nililia njia nzima. Niliitaka ile nguo, jamani! Lakini nilimwona bibi alivyokuwa anatembea kichwa juu, na kipindi kilichofuata mwalimu aliponiuliza, nilisimama nikasema, "Silikani."

Jumapili yenyewe wenzangu walipanga mstari na shela zao. Mimi nilibaki kwenye benchi na sare ya shule. Bibi, ambaye sijawahi kumwona akikosa komunyo, naye hakuinuka. Wanawake wakamgusa bega, "Mama, twende." Akasogeza magoti wapite. Tukakaa wawili tu kwenye benchi lile refu, kanisa zima likitutazama, na yeye kaninyanyua kidevu kwa kidole.

Mwaka uliofuata mwalimu alishahamishwa, na padre akanipa komunyo bila maswali. Nguo ilikuwa imenibana kwapani, nikaivaa hivyohivyo.

Bibi hayupo tena. Watoto wa mtaa ule hawajui Kingoni hata cha kuombea maji, na kuna wahubiri wapya wenye vipaza sauti, wakali kuliko yule kijana. Inaniuma, sikufichi. Lakini mezani kwangu nikifumba macho wanangu hunyamaza, nami namwita Chapanga. Anayetaka nilikane aje, mlango uko wazi. Asubiri tu nimalize kuomba.